Hesabu ya Dozi Ndani ya Ambulansi

Chukua kalamu na karatasi. Mtoto ana umri wa mwaka mmoja na nusu, uzito wake kilo 11, na moyo umesimama. Dawa inayotakiwa ni adrenalini, na kipimo chake ni miligramu 0.01 kwa kila kilo. Kichupa ulichoshika kina miligramu 1 katika mililita 1. Kwa mtoto dawa hiyo ni kali mno kupimika vizuri, kwa hiyo kwanza unaichanganya na mililita 9 za maji ya chumvi ya hospitali ili zipatikane mililita 10. Haya, bomba la sindano livute mililita ngapi?

Jibu ni 1.1. Mwanafunzi wa darasa la saba akikaa kwa utulivu atalipata bila kumsumbua mwalimu. Sasa mtoe darasani. Mpandishe kwenye gari la wagonjwa linalotoka Igamba kuelekea Vwawa, mkoani Songwe, saa nane za usiku wa masika. Gari linaruka mashimo, taa ya ndani ni hafifu, mama anamwita mwanawe kwa jina, na mhudumu mwingine aliyeinama juu ya kitanda anabonyeza kifua huku akihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Hesabu moja inaivuruga nyingine. Nukta ikisogea hatua moja kwenda kulia, mtoto anapewa dozi mara kumi. Ikisogea kushoto, anapata sehemu moja ya kumi tu ya dawa aliyostahili.

Tatizo hili limewaumiza vichwa watafiti wa tiba ya dharura kwa miaka mingi. Mhudumu anaijua dawa, alifundishwa, alifaulu mtihani. Kinachomshinda ni kuufikia ujuzi wake mwenyewe katika dakika ambayo mwili wake nao umechafuka. Je, simu iliyo mfukoni inaweza kumsaidia? Na kama inaweza, ukurasa atakaoufungua uwe na nini, na nini kiachwe nje?

Jibu moja zuri lilitoka Uswisi. Watafiti wa Hospitali za Chuo Kikuu cha Geneva walikuwa wametengeneza programu ya simu iitwayo PedAMINES, ambayo kazi yake ni moja tu: unaingiza uzito au umri wa mtoto, unagusa jina la dawa, nayo inakuonyesha hatua kwa hatua namna ya kuichanganya na mililita za kuvuta. Kati ya Septemba 2019 na Januari 2020 waliipeleka kwa wahudumu wa ambulansi 150 kutoka vituo 14. Wahudumu hao waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipewa programu, kundi la pili likaendelea na njia zake za kawaida. Kila mmoja alikutana na mtoto wa bandia wa miezi 18 ambaye moyo wake umesimama, akatakiwa kuandaa dawa nne, moja baada ya nyingine: adrenalini, midazolamu, sukari ya mshipa na bikaboneti.

Ukipiga hesabu, hizo ni dawa 600 zilizoandaliwa. Katika kundi la njia za kawaida ziliandaliwa 304, na 191 kati ya hizo zilikuwa na kosa. Yaani katika kila dawa 100, karibu 63 zilikosewa. Katika kundi lenye programu ziliandaliwa 296, na zilizokosewa ni 17, chini ya 6 kwa 100. Muda wa kuandaa nao ulipungua.

Hebu tulia na tarakimu hiyo ya kwanza. Hawa ni wahudumu waliosomea kazi hii, katika nchi tajiri yenye barabara laini, wakijua kwamba wanapimwa, mbele ya mtoto wa plastiki ambaye hawezi kufa. Bado zaidi ya nusu ya dawa zao zilikosewa. Anayedhani kwamba makosa ya dozi ni ugonjwa wa zahanati za vijijini na asome tarakimu hiyo tena. Vilevile tuwe waadilifu kwa upande wa pili: jaribio lile lilipima makosa mbele ya mwanasesere. Halikupima watoto wangapi walipona. Kupunguza kosa ni jambo la maana sana, lakini si sawasawa na kuokoa maisha, na mtu yeyote anayekuuzia programu ya simu kwa kuyachanganya mawili hayo mtilie shaka.

Kwa nini kichwa kilichosoma kinashindwa? Mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba akili ya mtu inaweza kushika mambo kama saba kwa wakati mmoja. Mwaka 2001 mwenzake Nelson Cowan aliipitia hoja hiyo upya akaishusha idadi hadi karibu manne. Hiyo ni akili iliyotulia. Mtu anapopatwa na hofu, mwili unamwaga kemikali za kumwandaa kukimbia au kupigana, na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopanga, kuhesabu na kukumbuka hatua, ndiyo inayodhoofika kwanza. Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale ametumia miaka mingi kulionyesha hilo. Kuna kichekesho kidogo hapa: mhudumu anayehangaika kupima adrenalini kwenye bomba anamwagiwa adrenalini na mwili wake mwenyewe, tena bila kipimo.

Ongeza na jambo lililoelezwa na Mwingereza William Hick mwaka 1952, kwamba kadiri machaguo yanavyokuwa mengi mbele ya mtu ndivyo anavyochelewa kuchagua. Uingereza wahudumu wa ambulansi wana mwongozo wao wa kitaifa, JRCALC, ambao siku hizi wanautembeza ndani ya simu. Ni hazina kubwa. Lakini hazina ya kurasa nyingi ina milango mingi, na mtu anayetetemeka hahitaji milango mingi. Dereva wa lori anayeteremka mlima wa Senjele na mzigo wa tani 30 hafungui kitabu cha gari kutafuta sura ya breki. Breki ameiweka mguuni kabla hajaanza kuteremka.

Ndiyo maana waandishi wa miongozo ya namna hii wameanza kufikiria sehemu ya pembeni, ukurasa wa dharura, unaofunguka kwa kugusa mara moja. Ukiutazama juu juu unaonekana kazi ya jioni moja: chukua mwongozo, ufupishe. Kumbe kufupisha ndiko kugumu. Kila mstari unaoondolewa kuna bingwa aliyeuweka kwa sababu nzuri. Daktari wa watoto atataka onyo lake libaki, mfamasia naye ana lake, mwanasheria hatakosa aya moja ya kujikinga. Wote wana haki, na wote wakisikilizwa ukurasa wa dharura unarudi kuwa kitabu. Kwa maoni yangu kamati haiwezi kulimaliza jambo hili mezani. Linamalizwa na mtu aliyevaa glavu, anayetoka jasho, aliyepewa simu na kuambiwa afanye, huku mwingine akishika saa na kuandika alikokwama.

Na majaribio ya namna hiyo yanafundisha mambo madogo yasiyotarajiwa. Dozi inayoandikwa kwa miligramu humwacha mhudumu na hesabu nyingine ya kufanya, kwa sababu bomba la sindano lina mistari ya mililita. Chukua kifafa cha mimba, ambacho dawa yake ni magnesi salfeti. Mwongozo unasema anza na gramu 4 za mshipa. Sawa, lakini dawa iliyopo kabatini mara nyingi ni ya asilimia 50, na inatakiwa iingie mshipani ikiwa ya asilimia 20. Muuguzi anayeambiwa "gramu 4, asilimia 20" amepewa mtihani. Anayeambiwa "vuta mililita 8 za dawa, ongeza mililita 12 za maji ya sindano, choma polepole" amepewa kazi. Sentensi zote mbili ni za kweli kitabibu. Tofauti yake utaiona pale mama anapokuwa anatetemeka kitandani na macho yamegeuka.

Wazo lenyewe la kumpa mtaalamu karatasi fupi wakati wa hatari lina mizizi Afrika Mashariki kuliko wengi tunavyojua. Kati ya 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha fupi ya ukaguzi kwa ajili ya vyumba vya upasuaji, yenye mambo 19 ya kuthibitisha kabla ya kumlaza mgonjwa usingizi, kabla ya kupasua na kabla ya kumtoa chumbani. Ilijaribiwa katika miji minane duniani. Mmoja ulikuwa London, mwingine Toronto, mwingine Seattle. Na mmoja ulikuwa Ifakara, Morogoro. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: katika hospitali hizo nane kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Miaka minne baadaye watafiti wa Marekani walizipeleka timu 17 za upasuaji kwenye dharura 106 za kuigiza. Zilipokuwa na orodha ya dharura mkononi ziliruka asilimia 6 ya hatua muhimu. Zilipotegemea kumbukumbu ziliruka asilimia 23.

Mtwara nako, kabla simu janja hazijaenea, watafiti walikuwa wameuweka mwongozo wa kutibu watoto wagonjwa, ule unaojulikana kwa kifupi IMCI, ndani ya kompyuta ndogo ya mkononi. Matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba matabibu waliokuwa wakifanya kama asilimia 61 ya uchunguzi unaotakiwa walifika karibu asilimia 85 walipoongozwa na kifaa, na hawakuchelewa kwa kiasi cha kuleta taabu.

Halafu kuna utafiti wa jirani kabisa. Igamba iko Wilaya ya Mbozi, na Mbozi ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya mpaka Songwe ilipozaliwa kuwa mkoa mwaka 2016. Kuanzia Desemba 2021 hadi Oktoba 2022, zahanati na vituo vya afya 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro viliingia kwenye jaribio la programu iitwayo ePOCT+. Vituo 20 vilipewa vishikwambi vyenye mwongozo wa kumwongoza tabibu swali kwa swali, pamoja na kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, na 20 vikaendelea kama kawaida. Ziliangaliwa ziara zaidi ya 44,000 za watoto. Katika vituo vya kawaida watoto 70 kati ya 100 waliondoka na dawa ya kuua bakteria. Katika vituo vyenye kishikwambi, 23. Na walipofuatiliwa siku ya saba, watoto wa upande mmoja hawakuwa wagonjwa kuliko wa upande wa pili.

Hiyo haikuwa ambulansi, ni kweli, ni benchi la zahanati. Lakini inajibu mashaka ya wale wanaosema kwamba mhudumu wa kijijini hawezi kufuata mwongozo wa kwenye skrini, au kwamba ataona aibu kuushika mbele ya mgonjwa. Aliufuata, na mgonjwa hakudhurika.

Hata hivyo nina onyo, na hili ndilo ningependa wapenzi wa teknolojia walisome mara mbili. Kwa miaka mingi wanafunzi wa udaktari duniani kote walifundishwa kanuni nyepesi ya dharura: mtoto mwenye homa kali ambaye damu haizunguki vizuri, mwagie maji ya mshipa kwa wingi na kwa haraka. Ni kanuni fupi inayokumbukika, na ingekaa vizuri kabisa kwenye kitufe chekundu cha simu. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Kathryn Maitland, aliyeko Kilifi, waliamua kuipima. Utafiti huo, FEAST, ulifanyika Kilifi nchini Kenya, Muheza nchini Tanzania, na katika hospitali nne za Uganda. Watoto zaidi ya 3,100 waligawanywa kwa kura. Januari 2011 ilibidi usimamishwe kabla ya wakati. Katika makundi yaliyomwagiwa maji kwa kasi, watoto zaidi ya 10 kati ya 100 walikufa ndani ya saa 48. Katika kundi ambalo halikumwagiwa, walikufa 7.

Kanuni ilikuwa rahisi, ilikuwa maarufu, na kwa watoto wa hospitali zetu ilikuwa inaua. Kama ingekuwa tayari imefungwa ndani ya programu nzuri yenye rangi za kuvutia, ingeua kwa haraka zaidi na kwa usawa zaidi. Kwa hiyo majaribio yanayohitajika ni mawili, na mara nyingi tunafanya moja tu. Tunapima kama mhudumu ameweza kukitumia kitufe. Tunasahau kupima kama kilichomo ndani ya kitufe kinamfaa mgonjwa wa hapa.

Uzito wa mtoto ni mfano mwingine. Mwaka wa 1980 na kitu daktari Mmarekani James Broselow alibuni utepe wa rangi: unamlaza mtoto, unapima urefu wake, na rangi inakupa kadirio la uzito na dozi. Ni ubunifu wa hali ya juu, na umeokoa muda mwingi katika hospitali nyingi. Lakini utepe ule ulitengenezwa kwa vipimo vya watoto wa Marekani. Mtoto aliyekonda kwa utapiamlo anaweza kuwa na urefu wa rangi moja na uzito wa rangi nyingine, na dozi ikazidi. Fomula za kukisia uzito kutokana na umri zina shida hiyo hiyo.

Sasa turudi Mbozi, kwenye mashamba ya kahawa na mahindi, tuseme ukweli wa huko. Uswisi mtu anayekuja na ambulansi ana cheti cha kazi hiyo. Kwetu, gari la wagonjwa lina dereva, na nyuma yake mara nyingi kuna muuguzi aliyetolewa zamu kwa kusindikiza, naye ameacha wagonjwa wengine wodini. Kuna safari ambazo nyuma kuna ndugu tu, ameshika drip kwa mkono. Huduma ya tiba ya dharura kama taaluma ni changa nchini: idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010. Mkoa wa Songwe umepasuliwa na barabara kuu ya kwenda Zambia, malori yanapanga foleni Tunduma mchana na usiku, ajali hazikosekani, na bado sehemu kubwa ya watu wanaishi mbali na lami.

Kitu cha karibu zaidi na "kitufe cha dharura" ambacho mwananchi wa Igamba anacho leo ni namba ya simu: 115. Ni ya mfumo wa m-mama, uliojaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, kisha ukazinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2022. Ukipiga, simu inapokelewa na mratibu mwenye mafunzo ya afya. Mbele yake kuna programu inayomwongoza maswali ya kuuliza: mama ana mimba ya miezi mingapi, anatokwa damu, amepata degedege, mtoto ananyonya? Majibu yanaamua kama hii ni dharura na mgonjwa apelekwe kituo gani. Kisha programu inatafuta gari. Kama ambulansi iko mbali, anaitwa dereva wa jirani aliyesajiliwa, mwenye gari lake la kawaida, na malipo yake yanaingia kwenye simu. Familia haitoi nauli.

Tazama ufundi wake. Waliobuni m-mama hawakumpa mwanakijiji programu yenye kurasa. Walimpa tarakimu tatu, wakaupeleka ugumu wote kwa mtu aliyekaa kitini, mwenye umeme na mtandao. Kwangu mimi huo ndio urahisi wa kweli: mzigo wa kufikiri unapelekwa kwa yule ambaye moyo wake haujapanda. Vifo vya akina mama wajawazito nchini vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16, na 104 katika ule wa 2022. Kushuka huko kuna baba wengi, kuanzia vituo vipya vya upasuaji hadi damu salama, kwa hiyo si haki kuipa simu sifa yote.

Inabaki nusu ya safari ambayo 115 haiifiki: nyuma ya gari lenyewe, kati ya Igamba na Vwawa, au kati ya Vwawa na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Hapo ndipo ukurasa wa dharura ungeingia, na ningependa kuona Songwe ikipewa nafasi ya kuujaribu. Lakini ujaribiwe kwa masharti ya Songwe. Watumiaji wawe wauguzi na matabibu wa zahanati, si madaktari walioazimwa kutoka jijini. Gari liwe linatembea, tena usiku. Simu iwe ya bei ya kawaida, kioo kimepasuka kidogo, mtandao umekatika, kwa sababu programu inayohitaji intaneti ili ifunguke haina kazi ya dharura. Maelekezo yawe ya Kiswahili, huku jina la dawa likiandikwa kama lilivyo kwenye kichupa, mtu asianze kutafsiri akiwa ameshika sindano. Akiandika kilo 111 badala ya 11, simu imuulize. Na baada ya miezi mitatu wapimwe tena bila kupewa semina, tuone kilichobaki.

Sharti la mwisho ndilo litakalowaudhi watengenezaji wa programu. Programu ishindanishwe na karatasi. Chapisha ukurasa uleule, uutie plastiki ngumu, ubandike ukutani ndani ya gari. Karatasi haiishi chaji, haidaiwi bando, na haiingiliwi na simu ya shemeji katikati ya dozi. Ikiwa programu haiishindi karatasi kwa muda na kwa usahihi, tununue karatasi. Utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa mwaka 2023, ambao hospitali za Tanzania na Kenya zilishiriki, unatufundisha unyenyekevu huo. Silaha yake kuu dhidi ya damu kutoka baada ya kujifungua ilikuwa shuka la plastiki lenye mistari ya kupimia damu, pamoja na sheria moja: damu ikifika kwenye mstari, hatua zote za kwanza za tiba zifanywe kwa mkupuo, bila kusubiri moja ishindwe ndipo ije nyingine. Katika hospitali 80 na akina mama zaidi ya 210,000, waliofikia hatari kubwa, yaani kutokwa damu lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo au kufa kwa sababu ya damu, walikuwa 1.6 kwa kila 100 katika hospitali zilizotumia njia hiyo, na 4.3 katika zilizoendelea na njia za kawaida. Macho ya mkunga yalikuwa yanakisia damu pungufu. Mstari wa plastiki haukisii.

Wakati wataalamu wakiendelea kupima, wewe msomaji wa Igamba, Itaka au Mlowo una mambo ya kufanya ambayo hayahitaji programu yoyote. Mtoto akiugua, beba kadi yake ya kliniki hata kama ni usiku wa manane, kwa sababu uzito wake wa mwisho umeandikwa humo, na uzito huo ndio unaoanza hesabu zote nilizozieleza hapa. Mwombe anayepima asiuandike kwa kukisia. Na mama mjamzito, au aliyejifungua ndani ya siku 42, au mtoto mchanga wa chini ya siku 28 akizidiwa, piga 115. Kabla hujapiga jua mambo matatu: jina la kitongoji na alama ya karibu ambayo dereva mgeni anaweza kuiona usiku, umri wa mimba au wa mtoto, na dalili moja iliyokutisha kuliko zote. Usianze na historia ya ugonjwa tangu juzi, mratibu atakuuliza. Kwa ajali ya barabarani piga polisi 112, au Zimamoto na Uokoaji 114 kama kuna moto au mtu aliyebanwa ndani ya gari. Kupiga 115 ni bure, hata simu yako ikiwa haina salio.